Leseni ya Marehemu

Mama yangu aliuza ng'ombe wawili ili kulipa ada ya leseni ya uchimbaji ambayo ukoo ulikwisha kumwambia haimhusu. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakisikia tuna mgodi wanadhani tulirithi sanduku la dhahabu, na wengine hufika dukani kwangu kuomba mikopo. Tulichorithi ni karatasi yenye tarehe ya mwisho, deni la ada, maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yanayochimbwa na watu tusiowajua, na kesi.

Kwetu ni upande wa Nyarugusu, mkoani Geita. Baba alikuwa mkulima wa muhogo na mpunga, mtu wa maneno machache, na dhahabu ilimkuta shambani bila yeye kuitafuta. Vijana waliona mwamba kwenye kilima kilicho nyuma ya shamba letu, wakachimba, wakapata, na mara rashi ikafumuka, watu wakamiminika kutafuta dhahabu: mabanda ya turubai, mama lishe, wauza maji, redio usiku kucha. Majirani kadhaa waliuza mashamba yao kwa bei ya kutupa. Baba alipanda gari kwenda Geita mjini kuuliza sheria inasemaje.

Aliporudi alimwambia Mama jambo ambalo Mama hakulikubali kwa miaka mingi: dhahabu iliyo chini ya shamba si ya mwenye shamba. Sheria ya Madini ya 2010 iliyaweka madini yote mikononi mwa Jamhuri, na marekebisho ya 2017 yakakazia kwamba Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye shamba ana haki ya kuitumia ardhi. Anayetaka kuchimba anaomba leseni, na huyo anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. "Yaani muhogo ni wangu," Mama alikuwa akiuliza, mkono kiunoni, "lakini jiwe ambalo mzizi wake umelishika ni la Serikali?" Jibu ni ndiyo, na sidhani kama kuna mwenye shamba Geita nzima aliyelisikia jibu hilo mara ya kwanza akaridhika nalo.

Basi Baba akaomba leseni ndogo ya uchimbaji, ile ambayo wachimbaji wote wanaiita PML. Hupewa Watanzania tu, hudumu miaka saba, na inaweza kuhuishwa. Ya Baba ilitoka mwaka 2014, kwa jina lake peke yake.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nina duka la vifaa vya ujenzi Katoro, na hesabu zake zilikaa kwangu. Ni daftari la kaunta lenye jalada gumu. Kila ukurasa aliupiga mistari kwa rula: tarehe, mwenye duara, mifuko iliyotoka, mifuko ya leseni, matimba ya kuegemezea mashimo, mafuta ya pampu. Utaratibu wake ulikuwa kwamba katika kila mifuko kumi ya mawe, mitatu ni ya leseni; inayobaki mwenye duara anagawana na wachimbaji wake. Mifuko ya leseni ilikwenda karasha kusagwa, kisha mwaloni kuoshwa, na mwishowe gramu zikaandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu. Kuna kurasa ambazo gramu hazifiki mbili. Kuna nyingine ameandika tu "mawe matupu". Nyuma kabisa alibandika kwa gundi stakabadhi za ada ya kila mwaka, moja chini ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya 2019.

Februari 2020 Baba alipata kiharusi, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Hakuacha wosia.

Matanga hayajaanuliwa, kikao cha ukoo kikaitishwa. Kilifanyika sebuleni kwetu, Mama akiwa jikoni anawapikia waliokuwa wakimjadili. Muhtasari uliandikwa na kusomwa: msimamizi wa mirathi ni Baba Mdogo, shamba na leseni ni mali ya ukoo, mjane atatunzwa na watoto wake, wasichana wameolewa, wana kwao. Kisha Shangazi akatumwa jikoni kumwuliza Mama kama atakubali kurithiwa na mdogo wa marehemu. Mama alimjibu kwa Kisukuma, kwa neno moja ambalo sitaliandika hapa, akaendelea kusonga ugali.

Niwatendee haki wazee wale: mambo hayo hawakuyatunga. Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililokusanya sheria za mila za urithi, linamweka mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wana wengine wa kiume daraja la pili, na mabinti daraja la tatu. Mjane halimpi fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; linamwachia watoto wamtunze. Wajane wawili wa Shinyanga waliwahi kulipinga hadi Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikiri kwamba linabagua lakini ikakataa kulifuta. Wakaendelea hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ilisema haki zao zimevunjwa. Wazee wa kwetu hawakuwa na habari za kamati yoyote. Tangazo walilijua kwa moyo, bila kujua kama ni tangazo.

Wiki chache baadaye nilikwenda mgodini na kukuta karasha jipya limefungwa penye kivuli ambapo Baba alikuwa akiketi na daftari lake. Mlinzi mgeni aliniuliza nina kibali cha nani kuingia. Ndipo nikajua kwamba Baba Mdogo amekodisha leseni kwa mfanyabiashara wa mjini, kwa mkataba wa kurasa mbili, na malipo ya awali amekwisha kuyapokea. Mahakamani jalada la mirathi lilikuwa ndiyo kwanza linafunguliwa.

Nilielekezwa kwa msaidizi wa kisheria wa kata, mwalimu mstaafu, mama mkali kidogo. Wasaidizi hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni ya bure, na pamoja na hayo pale kwetu watu wengi bado wanaona aibu kwenda kwao, kana kwamba ni kupeleka ukoo polisi. Nilimweleza kila kitu: kikao, muhtasari, karasha, mlinzi. Nilitegemea aniambie nani ana haki ya kurithi. Aliniuliza: "Leseni inaisha lini?"

Tangu msiba uanze hakuna mtu aliyekuwa ameuliza swali hilo. Ilikuwa inaisha katikati ya 2021.

Alinieleza, na ofisi ya madini baadaye ikathibitisha, kwamba leseni ya mtu aliyekufa ni sehemu ya mali zake na inaingia kwenye mirathi, lakini mrithi haiokoti tu na kuanza kuitumia. Anayeweza kusimama mahali pa marehemu mbele ya Tume ya Madini, au kuweka saini katika mkataba wowote juu ya leseni ile, ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa ukoo ni pendekezo. Kwa hiyo siku Baba Mdogo alipotia saini ule mkataba wa kurasa mbili, hakuwa mmiliki wala msimamizi. Alikuwa mtu mwenye muhtasari mfukoni.

La pili ndilo lililonikosesha usingizi. Shamba likigombewa miaka kumi, linabaki pale pale, pengine na magugu. Leseni ina saa yake na haijali kama mna msiba au mna kesi. Ada ya mwaka isipolipwa, Tume inaandika hati ya makosa, na kosa lisiporekebishwa leseni inaweza kufutwa. Maombi ya kuihuisha lazima yaingie kabla haijaisha. Ikifutwa au ikiisha, eneo linakuwa wazi na Mtanzania yeyote anaweza kuliomba, akiwemo yule mwenye karasha. Nilielewa basi kwa nini mfanyabiashara yule hakuonekana kuwa na haraka hata kidogo. Tungepigana hadi 2021, kisha angeomba eneo kwa jina lake, bila kumlipa mjane wala ukoo.

Hati ya makosa ilikuja kweli. Simu ya Baba, Mama alikuwa bado anaichaji kila jioni na kuiweka juu ya kabati, ingawa hakuna aliyepiga. Siku moja iliingia ujumbe, akaniletea nisome. Ulikuwa umeandikwa kwa jina la Baba, ukimtaka arekebishe kosa la kutolipa ada. Mama aliniomba niusome tena. Kisha akauliza ni shilingi ngapi, na asubuhi yake akawapeleka ng'ombe mnadani. Tulilipa kwa kumbukumbu namba ya malipo tuliyopewa na ofisi ya madini. Shangazi alisema tunatupa fedha kwenye mali ya watu. Stakabadhi ile niliibandika kwenye daftari, chini ya ya 2019.

Kesi yenyewe siisimulii yote, kwa sababu sehemu kubwa ya kesi ni kukaa kwenye benchi. Baba Mdogo aliomba usimamizi katika Mahakama ya Mwanzo, tangazo la siku 90 likabandikwa, na kabla halijaisha mimi na Mama tukaweka pingamizi. Tulipeleka cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili, cheti cha ndoa ya kanisani, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wanne, nakala ya leseni na daftari. Baba Mdogo alipeleka muhtasari.

Daftari lilifanya kazi ambayo mashahidi wasingeweza kuifanya. Lilionyesha kwamba ada ya mwaka 2016 ililipwa baada ya kuuza mpunga, na mpunga ule uliandikwa wazi kuwa ni wa Mama. Lilionyesha pia gunia la unga na madebe ya maharage yaliyopikwa kwa wachimbaji, tarehe kwa tarehe, bila malipo. Na tuliongeza kitu kingine. Tangu 2019 dhahabu ya wachimbaji wadogo inauzwa katika masoko ya madini, ambako wakati ule Serikali ilikuwa ikikata mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na kutoa stakabadhi. Tulipata nakala za mauzo yenye namba ya leseni ya Baba, zenye tarehe za baada ya mazishi. Kwa karatasi zile, marehemu alikuwa bado anauza dhahabu.

Hakimu alimwuliza Baba Mdogo: "Ukoo uliomba leseni hii lini?" Baba Mdogo alijibu kwamba ukoo ndio uliomzaa aliyeomba. Watu walicheka, hakimu mwenyewe akatabasamu, na nakiri lilikuwa jibu zuri. Lakini hoja ilibaki pale pale. Leseni haikutoka kwa babu. Baba aliiomba kwa jina lake, akailipia kwa jasho lake na la mke wake, na katika maisha yake ukoo haukuwahi kuchangia ada hata mara moja. Mahakama haikuikubali kuwa mali ya ukoo. Ikaniteua mimi na kaka yangu anayenifuata tusimamie mirathi kwa pamoja.

Kuhusu shamba, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kutumia au kuifikia ardhi ni batili. Msaidizi wa kisheria alikuwa ameninakilia kifungu hicho kwa mkono wake. Mama alibaki shambani kwake, na kwa kuwa mwenye leseni anahitaji ridhaa ya mwenye ardhi kabla ya kuchimba penye makazi na mazao, ridhaa yake ikawa na uzito ambao sebuleni siku ya kikao haukuwapo.

Baba Mdogo hakutoka mikono mitupu, wala sikutaka atoke hivyo. Mwaka wa kwanza alichimba na Baba kwa mikono, kabla hatujawa na pampu, na hilo pia limeandikwa kwenye daftari. Alikuwa mwenye duara, na haki ya mwenye duara tuliiheshimu; duara lake analo mpaka leo kwa mgawo ule ule wa mitatu kwa kumi. Tunasalimiana. Shangazi bado.

Barua ya uteuzi, ile Fomu Na. 4, niliipeleka kwa Afisa Madini Mkazi siku ile ile niliyoipata. Huko nako yapo mambo ambayo familia nyingi huyajua wakiwa wamechelewa. Kwanza, msimamizi si mmiliki. Nilisaini maombi ya kuhuisha kwa niaba ya warithi, na ndani ya miezi minne nikatakiwa kuirudishia mahakama orodha ya mali na madeni katika Fomu Na. 5, kisha hesabu za mgawanyo katika Fomu Na. 6. Wasimamizi wengi hukaa na barua ile mwaka baada ya mwaka wakijiita wenye mgodi, na warithi hawajui kwamba wanaweza kwenda mahakamani kudai hesabu. Pili, aliye chini ya miaka 18 hawezi kupewa leseni. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka 15, kwa hiyo fungu lake liliandikwa katika mgawanyo na kutajwa kwenye makubaliano yetu, lakini jina lake halikuweza kuwa kwenye leseni. Dada yetu aliyeolewa Mwanza aliamua kupokea fungu lake katika mapato bila kuweka jina. Leseni ikahuishwa na kuandikwa majina matatu: Mama, mimi na kaka.

Mama alipoonyeshwa jina lake alilitazama kwa muda, akasema herufi moja imekosewa. Ilikuwa imekosewa kweli. Tukarudisha ikasahihishwa.

Sasa hasara, maana ushuhuda usiotaja hasara ni tangazo la biashara. Usiku mmoja, kabla hukumu haijatoka, lile karasha liliondolewa, na marudio yote ya Baba, yaani mchanga uliobaki baada ya kuchenjua kwa zebaki, yakaondoka nalo kwenye malori. Asiyejua anaweza kuyaona marudio kama mchanga wa kutupa. Zebaki haikamati dhahabu yote, na wenye mitambo ya kuchenjua hununua marudio kwa fedha nyingi ili waitoe iliyobaki. Baba alikuwa ameyarundika tangu 2014 na kuyaita pensheni yake. Duara lililokuwa na mawe mazuri kuliko yote nalo lilichimbwa hadi likaingia maji. Tuliambiwa tunaweza kufungua shauri la madai, lakini hatukuwa na kipimo cha rundo wala cheti cha maabara, na mtu wa kushtakiwa alikuwa na mkataba uliosainiwa na ndugu yetu wa damu. Hatukufungua. Dhahabu ile imekwenda, na tofauti na shamba lililonyang'anywa, hukumu haiwezi kuirudisha ardhini.

Baadaye alikuja mtu mwingine mwenye mtambo, akiwa na adabu zaidi, akataka kukodi sehemu ya eneo. Tulikaa naye na msaidizi wa kisheria, tukaandika kwa Kiswahili ambacho Mama anakisoma. Muda wa mkataba hauvuki tarehe ya mwisho ya leseni. Mgawo unahesabiwa kwa mifuko shimoni, kabla mawe hayajafika karasha, kwa sababu baada ya karasha hakuna anayejua kilichoingia mfukoni mwa nani. Marudio ni ya wenye leseni na yanapimwa kila mwezi. Ada ya mwaka analipa yeye, lakini stakabadhi inakuja kwetu. Muhogo ukiharibiwa, Mama analipwa kama mwenye shamba, mbali na mgawo wake kama mwenye leseni. Na kipo kipengele kinachosema mmoja wetu akifariki nani anapewa taarifa na nani haruhusiwi kusaini mpaka mahakama iteue msimamizi. Yule bwana aliposoma hapo alisema tunajitabiria kifo. Kaka akamwambia asaini tu.

Nimeandika haya kwa ajili ya watoto wa wachimbaji walioko Geita, Chunya, Mererani na kwingineko. Usimwulize mzazi wako leseni atamwachia nani; swali hilo linawasha moto kabla hata hajaugua. Mwulize inaisha lini, ada ya mwisho ililipwa lini, stakabadhi ziko wapi, na nani mwingine anaweza kuingia kwenye akaunti yake ya leseni mtandaoni. Mkiweza, mwombeni aongeze jina la mama yenu angali hai, maana jina lililomo kwenye leseni halihitaji kikao. Na akifa, nendeni ofisi ya madini wiki ile ile, kabla hata ya kugombana. Yetu inaisha 2028. Mdogo wetu ameshavuka miaka 18, na maombi ya kuingiza jina lake tumekwisha kuyapeleka.